Kutumia Vizuizi vya Kinasi na Fosfatasi Maabarani ili Matokeo Yaaminike

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya juu au fundi wa maabara ya baiolojia ya molekuli ambaye ametakiwa kupima fosforilesheni ya protini fulani, akakabidhiwa vichupa viwili vitatu vya vizuizi, na sasa anatafuta pa kuanzia. Hautataja kila kimeng'enya kilichopo. Utaonyesha namna ya kuchagua kizuizi, kukitayarisha, kukadiria kiasi chake na, jambo linalosahauliwa kuliko yote, kuthibitisha kwamba mabadiliko yaliyoonekana yametokana na kimeng'enya kilicholengwa na si kingine kilichoguswa pembeni.

Fosforilesheni ni kitendo cha kubandika fosfeti kwenye asidi amino za protini; katika seli za binadamu inayobandikwa zaidi ni serini, kisha threonini, na kwa uchache mkubwa tairosini. Kinasi ndizo zinazobandika, zikiichukua fosfeti hiyo kutoka kwenye ATP, molekuli inayoibebea seli nishati, na fosfatasi ndizo zinazobandua kwa kutumia maji. Edmond Fischer na Edwin Krebs, wakiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, walionyesha katikati ya miaka ya 1950 kwamba kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni huwashwa kwa njia hiyo, na mwaka 1992 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo inajulikana kwamba jenomu ya binadamu ina jeni za kinasi zaidi ya 500, na kwamba mfuko ambamo ATP inakaa unafanana sana kutoka kinasi moja hadi nyingine. Mfanano huo ndio unaofanya kizuizi kilichokusudiwa kinasi moja kizizuie nyingine kumi bila mtumiaji kujua.

Tenganisha kwanza kuhifadhi na kuuliza

Vizuizi hutumika kwa makusudi mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. Kusudi la kwanza ni kuhifadhi hali iliyokuwamo ndani ya seli wakati wa kuipasua. Seli inapopasuliwa, kuta zilizokuwa zikitenga vimeng'enya na protini vinavyozishughulikia zinaondoka, ATP inazimuliwa na kuisha, na kwa hiyo kinasi zinasimama. Fosfatasi, kwa kuwa hazihitaji ATP, zinaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Matokeo yake ni kwamba fosfeti inapotea ndani ya dakika chache, na mtafiti anaandika kwamba protini haikuwa na fosfeti ilhali ilikuwa nayo. Kusudi la pili ni kuuliza swali ndani ya seli iliyo hai: je, ni kinasi hii au ile inayobandika fosfeti pale? Kwa kusudi la kwanza tunataka vizuizi vipana, vikali na vya bei nafuu, wala hatujali vinagusa nini kingine. Kwa kusudi la pili tunataka kinyume chake kabisa.

Kuhifadhi fosfeti wakati wa kupasua seli

Kabla ya kufikiria kemikali, fikiria saa. Seli zilizokuwa kwenye nyuzi 37 zioshwe haraka kwa bafa baridi (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), chombo kikiwa juu ya barafu, kisha zikwanguliwe papo hapo. Usizibandue kwa tripsini (kimeng'enya cha kubandulia seli) kabla ya kuzipasua, kwa sababu kubanduka kwenyewe hubadilisha ishara nyingi za seli, hasa zile zinazotegemea jinsi seli inavyoshika sakafu ya chombo. Ikiwa sampuli ni kipande cha ogani, kigandishwe kwa naitrojeni ya kimiminika mara tu kinapokatwa, na muda kati ya kukatika kwa damu na kuganda uandikwe kwenye daftari. Kinasi zinazoitikia ukosefu wa oksijeni hazisubiri.

Ikiwa unachotaka ni bloti ya Western peke yake, yaani kutenganisha protini kwa ukubwa, kuzihamishia kwenye utando na kuitafuta moja kwa kingamwili, njia iliyo salama kuliko zote haihitaji kizuizi hata kimoja: mwaga juu ya seli bafa ya sampuli yenye SDS (sabuni kali inayoharibu umbo la protini) asilimia 1 hadi 2, iliyopashwa moto hadi nyuzi 95 hivi, kisha chemsha kwa dakika tano na upige kwa mawimbi ya sauti ili kukata DNA inayofanya mchanganyiko unate. Vimeng'enya vyote hufa kwa pamoja. Mimi huipendekeza njia hii kwa kila anayeanza, na hushangaa kuona inavyodharauliwa kwa sababu tu ni rahisi. Kasoro yake ni kwamba protini zikishaharibiwa umbo huwezi kuzivua kwa kingamwili zinazotambua umbo la asili, wala kupima utendaji wa kinasi.

Ukihitaji protini zikiwa na umbo lake, tumia bafa ya kawaida ya kupasulia, kwa mfano yenye Tris ya milimola 50 kwa pH 7.4, chumvi ya milimola 150 na NP-40 (sabuni laini) ya asilimia 1, kisha ongeza vizuizi vya fosfatasi muda mfupi kabla ya kuitumia. Mchanganyiko unaotosha kazi nyingi una sodiamu floridi ya milimola 10 hadi 50, beta-gliserofosfeti ya milimola 10 hadi 20, sodiamu pairofosfeti ya milimola 5 hadi 10, na sodiamu othovanadeti ya milimola 1. Vitatu vya kwanza vinazuia hasa fosfatasi za serini na threonini. Cha nne kinazuia zile za tairosini. Hakuna kimoja kinachofanya kazi ya vyote. Kumbuka pia kwamba vidonge vya vizuizi vya proteasi, ambavyo karibu kila maabara inavyo, vinalinda protini isikatwekatwe na havina uhusiano wowote na fosfeti. Wapo wanaovitumbukiza na kudhani wamemaliza.

Othovanadeti inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ukiimumunya tu ndani ya maji na kuitumia utakuwa umetumia kitu dhaifu. Ndani ya maji, hasa pH inaposhuka, ayoni za vanadeti hujiunga na kuwa dekavanadeti yenye rangi ya manjano, ambayo haifanani tena na fosfeti na hivyo haiwezi kukaa mahali pa fosfeti katika fosfatasi ya tairosini. Ili kupata mililita 50 za mmumunyo wa milimola 200, pima gramu 1.84, uimumunye katika maji ya mililita 45 hivi, kisha urekebishe pH iwe 10 kwa asidi ya hidrokloriki au sodiamu hidroksidi. Mmumunyo utageuka manjano. Uchemshe mpaka rangi iishe, uuache upoe hadi joto la chumba, kisha upime pH tena. Kwa kawaida itakuwa imesogea. Irudishe kwenye 10, na rangi ikijitokeza upya chemsha tena. Endelea hivyo mpaka mmumunyo ubaki mweupe kama maji na pH isimame palepale, ndipo ujazie maji hadi mililita 50, ugawe katika vichupa vidogo vya plastiki na kuvigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa kikiyeyushwa na kuonekana kina chembe, kipashe moto. Kikionekana cha manjano, kichemshe upya. Vaa glavu na miwani wakati wote, na unga wake usipeperuke hewani, kwa sababu vanadiamu ni sumu.

Vitu viwili vinaiharibia othovanadeti kazi yake, na vyote viwili hupatikana katika bafa nyingi. EDTA, kemikali inayokamata ayoni za metali, huikamata na kuiondoa kwenye kimeng'enya, na DTT huipunguza kikemia, yaani huipa elektroni. Kwa hiyo ikiwa unafuatilia tairosini, acha EDTA nje ya bafa ya kupasulia na ongeza DTT mwishoni kabisa, katika bafa ya sampuli, wakati protini zimekwisha kuharibiwa umbo. Ikiwa unafuatilia serini na threonini, EDTA ina faida yake, maana inaondoa magnesiamu na manganisi ambazo kinasi na baadhi ya fosfatasi haziwezi kufanya kazi bila hizo. Sodiamu floridi nayo iwekwe katika plastiki, kwa kuwa inakula kioo.

Kwenye bloti yenyewe, usizibe utando kwa maziwa ya unga bila kufikiri. Kaseini ya maziwa ni protini yenye fosfeti nyingi, na baadhi ya kingamwili zinazotambua fosfeti zitaishika na kuujaza utando weusi. Albumini ya ng'ombe ya asilimia 3 hadi 5 katika bafa ya Tris ni chaguo salama zaidi. Na kwa kuwa tumezungumzia bafa: Tony Hunter wa Taasisi ya Salk huko California aliigundua fosforilesheni ya tairosini mwaka 1979 kwa msaada wa bafa kuukuu, ambayo pH yake ilikuwa imeshuka kutoka 1.9 hadi 1.7, na tofauti hiyo ndogo ikaitenganisha fosfotairosini na fosfothreonini zilizokuwa zikisafiri pamoja. Kisa hicho kisichukuliwe kuwa ruhusa ya kutotengeneza bafa mpya.

Kuzuia fosfatasi ndani ya seli iliyo hai

Hapa vizuizi vya bei nafuu havitoshi tena. Vanadeti pekee huingia ndani ya seli kwa shida. Ikichanganywa na haidrojeni peroksidi huwa pavanadeti, ambayo huingia kwa urahisi na kuoksidisha sisteini iliyo kwenye kitovu cha fosfatasi za tairosini, bila kurudi nyuma. Pavanadeti itengenezwe siku ileile ya kutumika, na peroksidi iliyosalia iondolewe kwa kimeng'enya cha katalasi, la sivyo utakuwa unapima madhara ya peroksidi. Itumie kama sampuli ya kuonyesha kwamba kingamwili yako inaona, si kama chombo cha kuuliza swali mahususi, kwa kuwa inapandisha fosfeti ya tairosini kila mahali.

Kwa upande wa serini na threonini, asidi ya okadaiki ndiyo inayotumika zaidi. Hutengenezwa na vijimea vidogo vya baharini na hujikusanya katika chaza na kome, wanaoweza kumharisha aliyewala. Kimeng'enya kikiwa kimesafishwa na kuwekwa kwenye kichupa, inazuia PP2A kwa ukolezi ulio chini ya nanomola 1, lakini inahitaji nanomola 10 au zaidi kwa PP1 (hizi ni fosfatasi mbili kuu za serini na threonini). Watu wengi huichukua tofauti hiyo na kuihamishia ndani ya seli moja kwa moja, wakisema kwamba kiasi kidogo kinazuia PP2A peke yake. Hesabu hiyo haishiki kirahisi hivyo: PP2A yenyewe ipo ndani ya seli kwa ukolezi mkubwa kuliko nanomola 1, na asidi hii huingia polepole, kiasi kwamba saa moja na saa ishirini na nne ni majaribio mawili tofauti. Kalikulini A huzuia PP1 na PP2A karibu sawasawa, huingia haraka, na huzifanya seli zijikunje na kubanduka; muda wa dakika 10 hadi 30 unatosha.

Maikrosistini-LR ni mfano mzuri wa kizuizi kikali kinachomdanganya asiyejua njia yake. Katika kichupa inashika PP1 na PP2A kwa nguvu kubwa, kisha inajifunga kabisa kwenye sisteini. Hata hivyo haipenyi utando wa seli nyingi. Huingia kwenye seli za ini kupitia visafirishi maalumu vilivyopo huko, na ndiyo maana sumu yake huangukia ini. Ukiimwagia seli za figo au za ngozi na usione badiliko, hujathibitisha lolote kuhusu fosfatasi zake. Ukiiweka katika bafa ya kupasulia, ambako hakuna tena utando wa kuvuka, inafanya kazi barabara. Wasomaji walio kando ya Ziwa Victoria wana sababu ya ziada ya kuifahamu: ndiyo sumu ya bakteria wa Microcystis wanaotanda na kuyafanya maji kuwa ya kijani katika Ghuba ya Winam karibu na Kisumu, na Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba maji ya kunywa ya kila siku yasizidi maikrogramu 1 kwa lita.

Kalsinyurini ni fosfatasi ya namna yake, na vizuizi vyake, siklosporini na FK506, ni dawa zinazopewa waliopandikizwa viungo. Havifanyi kazi peke yake. Siklosporini hushikana kwanza na protini ya siklofilini, na FK506 na FKBP12, ndipo jozi hiyo iizuie kalsinyurini. Hapo pana nafasi ya ulinganishi safi: rapamisini hushikana na FKBP12 hiyohiyo lakini haigusi kalsinyurini, hivyo athari inayoonekana kwa FK506 na isionekane kwa rapamisini ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kalsinyurini kweli.

Kuchagua kizuizi cha kinasi

Usikiamini kibandiko cha chupa. H-89 imeuzwa kwa miaka mingi kama kizuizi cha kinasi ya PKA, lakini inazuia pia kinasi za ROCK2, S6K1 na MSK1 kwa ukolezi unaokaribiana na ule wa PKA. Rotilerini ilitangazwa kuwa kizuizi cha kinasi ya PKC-delta. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba haiizuii moja kwa moja, na kwamba inavuruga uzalishaji wa nishati katika mitokondria, jambo ambalo peke yake linaweza kubadilisha fosforilesheni ya protini nyingi. LY294002, iliyotumika katika tafiti zisizohesabika kuhusu kinasi ya PI3K, inagusa kinasi za mTOR na CK2, na hata protini za bromodomeni ambazo si kinasi. Kundi la Philip Cohen katika Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, lilianza kuchapisha kuanzia mwaka 2000 majedwali ya vizuizi vilivyopimwa dhidi ya kinasi nyingi kwa pamoja, na majedwali ya aina hiyo ndiyo ya kuyasoma kabla ya kuagiza chochote.

Mfano wa upande wa upana uliokithiri ni staurosporini, iliyotengwa na Satoshi Ōmura nchini Japani mwaka 1977 kutoka kwa bakteria wa udongo. Miaka kadhaa baadaye iligunduliwa kuwa inazuia PKC kwa ukolezi wa nanomola, kisha ikabainika kwamba inazuia karibu kila kinasi inayowekwa mbele yake. Ni nzuri kwa kuua seli kwa njia ya kifo kilichopangwa na kwa kuhakikisha kwamba kipimo cha kwenye kichupa kinaweza kuona uzuiaji. Haifai kujibu swali la ni kinasi gani. Ōmura huyohuyo ndiye aliyepewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyozaa ivermektini, dawa ya usubi inayojulikana sana katika ukanda wetu.

Upande mwingine kuna imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa saratani ya damu inayosababishwa na BCR-ABL, kinasi isiyo ya kawaida. Hata hiyo inazuia ABL, KIT na kipokezi cha PDGF, kwa hiyo tusiseme ina shabaha moja. Tuseme shabaha zake ni chache na zinajulikana. Vizuizi visivyoshindana na ATP, kama U0126 na trametinibu kwa kinasi ya MEK, mara nyingi huwa na shabaha chache zaidi kwa sababu vinashika mahali ambapo kinasi hazifanani. Unapokuwa na hiari, chagua kizuizi kinachofanya kazi ndani ya seli kwa ukolezi usiozidi maikromola 1, chenye kampaundi pacha isiyozuia (inayofanana nacho sana kwa umbo), na ambacho unaweza kupata mwenzake mwenye umbo la kikemia tofauti kabisa.

Kukadiria kiasi

Thamani ya IC50 (ukolezi unaozima nusu ya kazi ya kimeng'enya) iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji ilipimwa kwenye kichupa chenye ATP kidogo, mara nyingi kati ya maikromola 10 na 100. Ndani ya seli ATP ni milimola 1 hadi 5 au zaidi. Kwa kizuizi kinachoshindana na ATP, mlinganyo wa Cheng na Prusoff wa mwaka 1973 unasema kwamba IC50 ni sawa na Ki (kipimo cha jinsi kizuizi kinavyoshikana na kimeng'enya) ikizidishwa kwa jumla ya 1 na uwiano wa ATP kwa Km (ukolezi wa ATP unaoipa kinasi nusu ya kasi yake ya juu kabisa). Chukua kinasi yenye Km ya maikromola 20 na kizuizi chenye Ki ya nanomola 10. Kwa ATP ya maikromola 20, IC50 ni nanomola 20. Kwa ATP ya milimola 2, ni nanomola 1,010, yaani zaidi ya mara 50. Kwa hiyo kizuizi cha nanomola 20 kilichohitaji maikromola 1 ndani ya seli si lazima kiwe kimeharibika. Kilichobadilika ni mazingira. Lakini hilo lisikufanye upandishe kiasi ovyo hadi maikromola 50, kwa sababu shabaha zisizotakiwa nazo zinasubiri huko juu. Fanya mfululizo wa viwango, kwa mfano kutoka maikromola 0.03 hadi 10 ukizidisha mara tatu hivi kila hatua, kisha tumia kiwango cha chini kabisa kinachozima alama ya shabaha yako. Seramu iliyo kwenye mmumunyo wa kukuzia hushika sehemu ya kizuizi, kwa hiyo kiwango kilichopatikana bila seramu hakihamishwi kwenda kwenye seli zenye seramu bila kupimwa upya.

Katika kutayarisha mmumunyo wa akiba, angalia kama unga ulionao ni kampaundi tupu au chumvi yake. Imatinibu tupu ina uzito wa molekuli wa 493.6, na imatinibu mesileti 589.7. Miligramu 5 za mesileti zinahitaji mililita 0.85 za DMSO (kiyeyushi cha kawaida cha vizuizi) ili kupata milimola 10; aliyetumia uzito wa kampaundi tupu ataweka mililita 1.01 na kuishia na milimola 8.4 bila kujua. Gawa akiba katika vichupa vya kutumika mara moja moja, kwa kuwa DMSO hufyonza unyevu wa hewa na kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara hudhoofisha kampaundi nyingi. Kwa maabara ambazo umeme hukatika, nunua unga mkavu badala ya mmumunyo uliokwisha tayarishwa. Unga huvumilia joto la safari na la friza iliyozimika vizuri zaidi. Kizuizi kizimuliwe ili DMSO isizidi asilimia 0.1 kwenye seli, na kila chombo, pamoja na kile kisicho na kizuizi, kipewe kiasi kilekile cha DMSO. Usiguse mimumunyo hii kwa mkono mtupu, kwa maana DMSO hupenya ngozi na kupita na kilichomo ndani yake.

Kupima mahali panapostahili

Kosa la kawaida ni kutarajia kwamba kizuizi cha kinasi kitaondoa fosfeti iliyo kwenye kinasi yenyewe. Inategemea ni nani aliyeibandika. SB203580 inazuia kinasi ya p38, lakini fosfeti inayoiwasha p38, kwenye threonini ya 180 na tairosini ya 182, hubandikwa na kinasi nyingine, MKK3 na MKK6. Ukipima hapo, bloti itaonyesha fosfeti iko palepale na utahitimisha, kimakosa, kwamba kizuizi hakikufanya kazi. Pima chini ya mkondo: fosfeti ya MK2, ambayo ni kazi ya p38, au ya HSP27, ambayo ni kazi ya MK2. Kwa U0126 mambo ni kinyume, kwa sababu inazuia MEK, na MEK ndiyo inayobandika fosfeti kwenye kinasi ya ERK. Basi fosfeti ya ERK ni kipimo sahihi.

Baadhi ya vizuizi hufanya alama ipande badala ya kushuka. Vizuizi vya kinasi ya Akt vinavyokaa kwenye mfuko wa ATP huiacha Akt ikiwa na fosfeti nyingi zaidi kwenye threonini ya 308 na serini ya 473 ilhali haifanyi kazi. Angalia fosfeti ya PRAS40 au GSK3, ambayo ni kazi ya Akt, upate ukweli. Vemurafenibu, kizuizi cha kinasi ya BRAF, inazima ERK katika seli zenye BRAF iliyobadilika ya V600E, na kuiwasha katika seli ambazo BRAF yake ni ya kawaida na RAS, protini inayoiwasha, inafanya kazi. Mtafiti asiyelijua hili atatupa matokeo sahihi akidhani amechanganya vichupa.

Daima pima pia jumla ya protini ileile, yenye fosfeti na isiyo nayo, maana alama inaweza kushuka kwa sababu protini yenyewe imeoza. Muda nao una maana: athari ya moja kwa moja huonekana ndani ya dakika au saa moja, na inayojitokeza baada ya saa 24 imepitia hatua nyingi za katikati.

Kuthibitisha kwamba ni kimeng'enya hicho

Ushahidi wa kizuizi kimoja, kwa kiwango kimoja, ni dhana tu. Tumia vizuizi viwili vya maumbo tofauti ya kikemia. Ni vigumu vyote viwili vikosee shabaha kwa namna ileile. Ongeza kampaundi pacha isiyozuia pale inapopatikana, ukijua kwamba pacha nao wana kasoro zao: LY303511, pacha wa LY294002, haizuii PI3K lakini inagusa mTOR na CK2.

Uthibitisho ulio na nguvu kuliko yote ni kinasi iliyobadilishwa ili isishikwe na kizuizi. Katika p38, threonini ya 106 ikigeuzwa kuwa methionini, SB203580 inakosa nafasi ya kukaa. Katika ABL, mabadiliko ya T315I (threonini ya 315 kugeuzwa isolusini), yanayojulikana kwa wagonjwa ambao imatinibu imeshindwa kwao, hufanya vivyo hivyo. Ingiza kinasi hiyo ndani ya seli, zipe seli kizuizi, na kama athari inatoweka, basi ilipitia kwenye kinasi hiyo. Kunyamazisha jeni kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA) kunasaidia lakini si kipimo kilekile, kwa sababu kunaondoa protini nzima pamoja na kazi zake za kushikilia protini nyingine, ilhali kizuizi kinaiacha mahali pake ikiwa imezimwa.

Inabaki kuihakiki kingamwili yenyewe, na kazi hii ni ya asubuhi moja. Pasua seli zilizochochewa, kwa mfano kwa insulini ikiwa unaangalia Akt, kwa bafa isiyo na vizuizi vya fosfatasi wala EDTA, ila yenye vizuizi vya proteasi. Gawa sampuli mara tatu. Sehemu ya kwanza ichemshwe mara moja katika bafa ya sampuli. Ya pili ipewe fosfatasi ya lambda (inayobandua fosfeti ya serini, threonini na tairosini) pamoja na manganisi ya milimola 1 na kuachwa kwa nyuzi 30 kwa dakika 30. Ya tatu iachwe kwa joto na muda huohuo na manganisi hiyohiyo, bila fosfatasi iliyoongezwa. Kingamwili nzuri itaonyesha mstari kwenye sehemu ya kwanza na kuukosa kwenye ya pili. Mstari ukibaki kwenye ya pili kama ulivyo, ilhali fosfatasi inajulikana kuwa hai, kingamwili hiyo inaitambua protini na si fosfeti. Ukififia kwenye ya tatu, umejionea kwa macho kiasi ambacho fosfatasi za seli zenyewe huondoa katika nusu saa bafa isipokuwa na vizuizi.